Kilifi, Mwiteni Mwandishi Maktabani

Anayeingia maktaba ya umma ya Malindi au ya Kilifi mwezi wa Oktoba huhangaikia kiti kabla hajahangaikia kitabu. Meza zimejaa watahiniwa wa Kidato cha Nne, kila mmoja na daftari lake na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Wengi wao hawagusi rafu. Vitabu wamekuja navyo. Wanachokitafuta hapo ni utulivu, mwanga wa umeme na pahali pasipo mtoto wa kubembelezwa wala redio ya jirani. Hiyo ni haja ya kweli, na maktaba inayoitimiza inastahili shukrani za wazazi. Lakini KCSE ikimalizika viti hubaki vitupu, na hapo swali huchomoza: mtu asiye na mtihani anaitiwa nini maktabani?

Mvuvi wa Mayungu, fundi cherehani wa Majengo, muuguzi wa hospitali ya Kilifi, mwalimu mstaafu wa Mambrui, wote hawa hulipa kodi inayoendesha maktaba. Kuna mambo mawili ambayo wangefurahi kuambiwa na maktaba yao. La kwanza: kitabu fulani kipya kimetoka, kiko hapa, na hii ndiyo sababu ya kukisoma. La pili: aliyekiandika atakuwa hapa Jumamosi baada ya alasiri, njooni mmuulize mtakalo. Kaunti ya Kilifi ikiyafanya hayo mawili kuwa kazi ya kila mwezi, yenye fungu lake la fedha, itakuwa imewapa watu wake maktaba kamili. Isipoyafanya itabaki na vyumba vya kudurusia.

Mamlaka kaunti inayo. Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na kuanza kazi 1967, na kwa miaka mingi mambo makubwa ya maktaba za umma, ununuzi wa vitabu ukiwamo, yalipangwa Nairobi. Huku kwetu huduma hiyo ilifika Kilifi mjini, Malindi, Mnarani ng'ambo ya daraja, na Dzitsoni kule kwa Wachonyi. Kisha Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikaziweka maktaba mikononi mwa kaunti, zikitajwa pamoja na makumbusho, michezo na bustani za umma. Uhamisho wenyewe ulikokotwa kwa miaka, kaunti na serikali kuu zikivutana kuhusu nani alipe mishahara na nani amiliki majengo. Watoto waliozaliwa mwaka ilipopitishwa Katiba hiyo sasa wako sekondari.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika kaunti nzima, kuanzia Rabai hadi Magarini, maeneo bunge saba kwa jumla. Matawi manne kwa umma huo ni machache, na mtu wa Ganze au wa Marafa ana safari ndefu ya kukifikia kitabu. Hata hivyo uchache wa majengo haujawahi kuwa sababu ya kukaa kimya. Bodi hiyo hiyo ya taifa, mwaka 1996, ilipakia vitabu juu ya ngamia kule Garissa ikawafuata wafugaji jangwani, na habari ya ngamia hao ikasomwa dunia nzima. Aliyebuni hilo hakungoja ukumbi.

Pwani, kwa kweli, ndiko maktaba za umma za Kenya zilikoanzia. Mwaka 1903 Mombasa ilipata Maktaba ya Seif bin Salim, iliyowekwa na Ali bin Salim kwa kumkumbuka ndugu yake, na tangu mwanzo ikawa na chumba cha kusomea bure. Baba yao, Salim bin Khalfan, alikuwa liwali wa Malindi kabla ya kupelekwa Mombasa, na alikuwa na mashamba makubwa huku, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Historia hiyo ina machungu yake na haifai kupakwa rangi. Ila inaonyesha kwamba chumba cha umma chenye vitabu kilijulikana pwani miaka 28 kabla ya Nairobi kufungua Maktaba ya McMillan mwaka 1931, ambayo nayo ilibagua wasomaji kwa rangi ya ngozi kwa miaka mingi.

Kwa nini jukumu hili la kutangaza vitabu na kualika waandishi liangukie maktaba? Kwa sababu hakuna mwingine wa kulibeba. Katika miji mingi ya Kenya duka la vitabu limekuwa duka la madaftari, sare za shule, vikokotoo na vitabu vya kiada, na kuna sababu. Sheria ya kodi ya 2013 iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu, kitu ambacho wachapishaji wamekilalamikia tangu siku hiyo. Kisha tangu 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvisambaza shuleni, mpango uliowapa wanafunzi wengi vitabu ambavyo hawakuwa navyo, lakini uliomnyang'anya muuza vitabu wa mjini pato lake kuu. Muuza vitabu aliyekuwa akiishi kwa vitabu vya shule ndiye aliyekuwa akithubutu kuweka riwaya mbili tatu dirishani. Alipopungukiwa, riwaya zilikuwa za kwanza kuondoka. Leo msomaji wa Malindi anayetaka riwaya mpya ya Kiswahili huagiza Mombasa au Nairobi, au humwomba jamaa anayesafiri Dar es Salaam. Wasiokuwa na jamaa wa kuwaagiza hawajui hata kwamba kitabu kimetoka.

Kupendekeza kitabu ni kazi ya ujuzi, na ujuzi wake mkubwa ni kujua saa. Chukua tarehe 7 Oktoba 2021. Siku hiyo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Redio zilimtaja. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake *Paradise* ya mwaka 1994. Ni kisa cha Yusuf, mvulana anayewekwa rehani kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake, kisha anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara, Wajerumani wakiwa wanaikaza mikono yao juu ya nchi. Msomaji wa Malindi anayafahamu yote hayo kwa damu: madeni ya dukani, misafara, mashamba, watoto waliolelewa majumbani mwa watu. Kitabu hicho kilistahili kusimamishwa mlangoni mwa kila maktaba ya pwani, nakala 10 zikiwa nyuma yake, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na mkutubi akieleza kwa nini mtu wa hapa akisome.

Au chukua Julai 2024, UNESCO ilipoiingiza Gedi katika orodha ya urithi wa dunia. Ilikuwa habari kubwa kwa watu wa Watamu na Malindi. Mtu aliyetaka kujua zaidi angepewa nini? James Kirkman aliyachimbua magofu hayo kuanzia 1948 na kutoa kitabu chake kuhusu Gedi mwaka 1954. Esmond Bradley Martin aliandika historia nzima ya mji wa Malindi, ikachapishwa 1973 na shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki. Vitabu hivyo viko katika maktaba za vyuo vikuu vya mbali, na huenda mtalii kutoka Ulaya akafika ameshavisoma kabla ya kijana anayemtembeza. Hilo linauma, na dawa yake ni rahisi: habari inapovuma, maktaba itoe vitabu vinavyoihusu siku hiyo hiyo, iviweke meza ya mbele, iwaite vijana waongozaji wa wageni waje kuvisoma bure.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki tarehe 28 Mei 2025, wengi pwani walitaka kumsoma kwa Kiswahili, na vitabu vipo: *Njia Panda*, *Usilie Mpenzi Wangu*, *Shetani Msalabani*. Meza moja ingetosha.

Mbali na habari za siku, kuna vitabu vinavyoidai kaunti hii. Katama Mkangi alizaliwa Ribe mwaka 1944. Alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri, na mwaka 1986 serikali ilimweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Aliacha riwaya tatu za Kiswahili: *Ukiwa* ya 1975, *Mafuta* ya 1984 na *Walenisi* ya 1995. Hii ya mwisho inamtoa Dzombo, mtu mwenye jina la nyumbani kabisa, katika nchi ya dhuluma na kumtua kwenye sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Riwaya ya safari za angani, kwa Kiswahili, iliyotungwa na mtoto wa Ribe! Na kaunti hiyo hiyo ina kituo cha anga cha Ngomeni, kilichorusha setilaiti miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Waitaliano. Mkutubi anayejua kazi yake angeviweka viwili hivyo pamoja, akawaita wanafunzi wa Ngomeni na Gongoni, na mjadala ungejiendesha wenyewe. Mkangi aliaga dunia 2004. Hawezi kualikwa, lakini waliosoma naye, waliofundishwa naye na wanaozifundisha riwaya zake wapo, na Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko hapo hapo Kilifi na wahadhiri wake wa Kiswahili.

Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, naye ana sanamu katika bustani ya Malindi inayoitwa kwa jina lake, na kila Agosti mashujaa wa Wagiriama hukumbukwa kwa ngoma na maandamano. Picha hupigwa kwa wingi. Kitabu cha Cynthia Brantley kuhusu Wagiriama na upinzani wao dhidi ya ukoloni kilitoka 1981, nacho kinaeleza kwa kina yaliyotokea 1913 na 1914, kodi, kazi ya kulazimishwa, viapo na kuhamishwa kwa watu kutoka ng'ambo ya Sabaki. Msichana wa darasa la sita anayepigwa picha chini ya sanamu anastahili kuambiwa kwamba pana pahali, dakika chache kwa miguu, anapoweza kuisoma habari ya bibi huyo katika kitabu cha umri wake, na dada yake mkubwa akakipata kile kikubwa. Sherehe na maktaba zifanye kazi pamoja. Agosti ni mwezi wa likizo. Hakuna wakati bora zaidi.

Na wapo walio hai. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa aliandika *The House of Rust*, hadithi ya Aisha, binti wa Kihadhrami anayeingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi akifuatana na paka anayesema. Kitabu hicho kilishinda tuzo ya Graywolf ya Afrika, kikachapishwa Marekani 2021, na 2022 kikawa cha kwanza kupata tuzo iliyowekwa kwa jina la Ursula K. Le Guin. Wasomaji wa Minneapolis na London walikifurahia. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120, na hadi Kilifi ni nusu ya hapo. Wasichana wa shule za Malindi, mji wa wavuvi, wangekaa mbele ya mwandishi kijana aliyekulia bandari ya jirani, mwenye majina kama yao, wamuulize paka yule alitoka wapi. Kikao kama hicho humwachia mtoto alama isiyofutika, na gharama yake ni nauli, malazi na posho ya heshima.

Neno posho lisipitwe haraka. Mwandishi akialikwa, alipwe. Fundi wa spika hulipwa, mwenye viti hulipwa, mpishi wa pilau hulipwa, kisha aliyeletwa kusema huambiwa amepewa jukwaa. Desturi hiyo ikomeshwe. Mwandishi wa Kiswahili Kenya, ambaye kitabu chake hakikuteuliwa kutahiniwa shuleni, hupata mrabaha mdogo sana, na wengi huandika usiku baada ya kazi ya mchana. Maktaba ya umma inayomwita bila kumlipa inamfanyia anachofanyiwa na kila mtu. Vile vile nakala za kitabu chake zinunuliwe kabla hajafika, ili watu wamsome kwanza. Kikao ambacho hakuna aliyesoma hugeuka hotuba, na hotuba watu wamezichoka.

Wapo wanaoona mambo ya waandishi kukutana na wasomaji kuwa ya Nairobi na ya wageni. Historia ya pwani inawakatalia. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, hayakuwa na mchapishaji. Yalisemwa barazani na sokoni, watu wakayashika, wakayarudia, na zaidi ya miaka 40 baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliweza kuyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kumpa mmisionari W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa 1940, karne nzima baada ya kifo cha mtunzi. Miaka yote hiyo kati ya kifo na kuchapishwa, wasikilizaji ndio waliokuwa maktaba yake. Abdilatif Abdalla, naye wa Mombasa, alitunga gerezani kati ya 1969 na 1972 mashairi ya *Sauti ya Dhiki*. Kitabu kilipotoka 1973 watu walikisoma kwa sauti, wakakipokezana, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Lamu hadi leo huweka mashindano ya mashairi katika tamasha lake. Pwani imezoea kumwona mtunzi uso kwa uso, kumjibu, hata kumpinga kwa beti. Kikao cha mwandishi maktabani ni baraza hilo hilo lililopata paa na rafu.

Kwa hiyo kifanywe kipwani. Kisiwekwe Ijumaa adhuhuri wala asubuhi ya kazi. Kiwe baada ya alasiri na kimalizike kabla ya maghribi, na mwezi wa Ramadhani kihamie usiku baada ya tarawehe, wakati mji uko macho. Mikeka itandikwe mbele kwa watoto. Kahawa tungu na kaimati vitatosha, haina haja ya hoteli. Lugha iwe ya msikilizaji: Kiswahili kwanza, na mtu akiuliza kwa Kigiriama ajibiwe kwa Kigiriama au atafsiriwe. Wanawake wengi wa Malindi hawatoki Jumamosi jioni. Basi kikao kimoja kati ya vitatu kiwe cha asubuhi, kwao, na watoto wao wadogo waje. Viongozi wapewe dakika tano, kisha waketi wasikilize. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo lishikiliwe kwa nguvu, kwa sababu uzinduzi mwingi wa vitabu nchini umemezwa na salamu za waheshimiwa hadi mwandishi akabakiwa na dakika kumi na watu wameanza kuinuka.

Mifano ya karibu ipo. Nairobi, Angela Wachuka na Wanjiru Koinange walianzisha Book Bunk mwaka 2017, wakaingia makubaliano na kaunti, na wakazikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokuwa zimesahauliwa katikati ya mitaa ya watu wa kawaida. Hawakuishia kupaka rangi kuta. Walihesabu vitabu vilivyokuwemo, wakaongeza vya waandishi wa Kiafrika, wakaleta waandishi, filamu na hadithi za watoto, na 2022 wakaanza tamasha la fasihi la jiji. Dar es Salaam iko Soma, mkahawa wa vitabu unaohusishwa na Demere Kitunga, ambapo mwandishi, msomaji na kikombe cha chai hukutana bila itifaki. Kilifi ina watu wa aina hiyo. Kinachokosekana ni kaunti kuwafungulia mlango na kuandikiana nao mkataba.

Mfano wa mbali unaofaa kuchunguzwa ni wa Norway. Tangu 1965 baraza la utamaduni la nchi hiyo hununua nakala za kila kitabu kipya cha fasihi kinachofikia ubora unaotakiwa, mwanzoni nakala 1,000, na kuzigawa kwa maktaba za umma. Lugha yao ina wasemaji wachache, kama milioni tano, na bila mpango huo wachapishaji wengi wasingethubutu kutoa diwani ya mashairi. Kiswahili kina wasemaji wengi mara kadhaa, lakini mchapishaji wake ana hofu ile ile, kwa kuwa hajui nani atanunua. Kaunti sita za pwani, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zikikubaliana kununua pamoja nakala 100 za kila riwaya au diwani nzuri ya Kiswahili inayotoka, mchapishaji atakuwa na mnunuzi wa hakika kabla kitabu hakijaingia mtamboni. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, imetoa washindi kama Zainab Alwi Baharoon wa *Mungu Hakopeshwi* na Dotto Rangimoto wa *Mwanangu Rudi Nyumbani*. Kazi zilizokwisha kuchujwa na majaji zipo tayari, na kaunti isiyo na kamati ya kuchagua vitabu ingeweza kuanza na hizo mwaka huu huu.

Seattle nayo, mwaka 1998, ilijaribu jambo dogo lenye nguvu: mkutubi Nancy Pearl na wenzake waliomba mji mzima usome riwaya moja, kisha ukutane na mwandishi wake. Mamia ya miji imeiga. Malindi ingeweza kuiga kuanzia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO 2021, ambayo hadi sasa huadhimishwa zaidi kwa hotuba na fulana. Watu wote, kuanzia Shela hadi Kisumu Ndogo, wasome *Walenisi* mwezi mmoja. Pwani FM na Msenangu FM zisome sura kila jioni kwa idhini ya mchapishaji, maana redio ndiyo inayofika Bamba na Adu ambako maktaba haijafika. Mwisho wa mwezi watu wakutane bustanini kubishana kama jamii ile ya sayari ile inawezekana Kilifi.

Pingamizi mbili zitatolewa, nazo ni za kujibiwa kwa uaminifu. Ya kwanza ni kwamba kaunti hii ina ukame Ganze, zahanati zisizo na dawa na wanafunzi wanaolilia basari, hivyo vitabu vya hadithi vingoje. Anayesema hivyo anajali watu, na asidharauliwe. Lakini fedha zinazotajwa hapa ni ndogo mno kupunguza kiu ya Ganze: ununuzi wa vitabu vya mwaka kwa matawi manne na posho za waandishi kumi na wawili ni sehemu ndogo ya bajeti ya kaunti. Na mtoto wa Ganze hahitaji maji peke yake. Ana haki ya hadithi pia, kama mtoto wa Nyali.

Pingamizi ya pili ni kwamba vijana wako kwenye simu na hawasomi. Wanasoma kutwa nzima, ila wanasoma kinachowafikia. Habari ya kandanda huwafikia, uvumi huwafikia, kamari huwafikia kwa ujumbe wa kila saa. Riwaya mpya haina anayeitangaza. Mkutubi akipewa simu ya kazi na bando, akatuma kila Ijumaa picha ya kitabu kimoja na sauti ya dakika mbili akikieleza kwa Kiswahili cha hapa, atakuwa na hadhira kubwa kuliko viti vyote vya ukumbi wake.

Mzigo huu usitupiwe wakutubi bila msaada. Wengi wao wamezikamata maktaba hizi kwa mikono mitupu miaka ya mvutano wa kaunti na serikali kuu, wakipokea shehena za misaada kutoka ng'ambo ambazo hakuna aliyezichagua kwa kumfikiria msomaji wa Malindi. Wapewe kauli juu ya kinachonunuliwa. Anayekaa dawatini ndiye anayejua kwamba wamama wa Barani huuliza vitabu vya mapishi na vya malezi, na kwamba kuna mzee anayerudi kila wiki kutafuta habari za Wareno.

Njia ya kulidai jambo hili imeandikwa katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na kati ya hapo wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika vikao hivyo watu huomba barabara, kisima, taa za mtaani. Walimu wa Kiswahili, vyama vya wazazi, vikundi vya vijana na wakutubi wenyewe wafike navyo vifungu viwili vilivyoandikwa kwa maneno wazi: ununuzi wa vitabu vipya kwa kila tawi, kwa kuchaguliwa na kamati yenye wasomaji ndani yake; na vikao vya waandishi, kimoja kila mwezi, kikizunguka Malindi, Kilifi, Mnarani na Dzitsoni, mwandishi akiwa analipwa. Wawakilishi wadi waulizwe kwa majina watavipigia kura au la, na majibu yao yasomwe redioni.